Alichochanganya Dada Kwenye Mkebe Wangu wa Mafuta ya Ng'ombe

Watu wengi hukosea jambo moja: wakitaka kujua ngozi imemuumiza mtu kiasi gani, humtazama uso na kupima doa. Lakini doa dogo laweza kumfungia mtu nyumbani, na kubwa lisimnyime usingizi. Pimeni yale aliyoacha kufanya.

Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu, naishi Njoro. Msimamizi, ficha jina langu, kwa maana wajukuu wa dada yangu wanasoma ukurasa huu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu mchanga Molo. Baba alikamua ng'ombe tangu enzi za mzungu, na sisi watoto wa wakamuaji tulijipaka usoni mafuta yale yale ya chuchu za ng'ombe. Baridi ya Molo hupasua ngozi, na hatukujua dawa nyingine. Mama alikuwa amefariki. Dada yangu mkubwa, aliyefanya kazi katika duka la Mhindi mjini Nakuru, ndiye aliyenijazia mkebe kila mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimechumbiwa. Baada ya miezi michache uso ulianza kung'aa, wanafunzi wakaniita "Mwalimu Memsabu", kama bibi wa kizungu. Nilifurahi, sikatai. Kisha jua likawa linaniunguza, na mashavuni pakatokea mabaka meusi kama masizi.

"Ni baridi tu," dada alisema. "Ongeza mafuta, wewe! Unataka kuolewa na uso wa kiazi?"

Nikaongeza.

Siku moja nilipita dukani kumsalimu, nikaambiwa ametoka. Mwenye duka alinitazama, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mwambie dada yako apunguze ile krimu ya kung'arisha. Nilimwonya asiichanganye nyingi hivyo na mafuta ya ng'ombe. Akaniambia, 'Mdogo wangu anaolewa, lazima atakate.'"

Mchumba wangu hakuwa ameomba hilo. Nilipomuuliza, alishangaa: "Nani alikuambia nataka uso mwingine?"

Niliacha mafuta yale kimya kimya, lakini mabaka hayakutoka. Tulioana bila kupiga picha. Niliacha kwaya, nikaacha kukaa mbele kanisani. Darasani niliandika ubaoni zaidi ya ilivyohitajika, ili niwape watoto kisogo. Nilipopewa ualimu mkuu nilikataa, kwa sababu mwalimu mkuu husimama mbele ya wazazi. Hesabuni wenyewe.

Dada hajui kwamba najua. Kwa miaka yote hii husema mbele ya wageni, "Huyu nimemlea kwa mikono yangu. Ni ile baridi tu iliyomharibu." Nami humwongezea chai.

Sasa anaumwa sana. Jumapili hii kuna ibada ya shukrani kwake, na amenitumia mtu: "Mwambie mdogo wangu asimame aseme jinsi nilivyomlea. Sina mwingine wa kunisemea."

Nikikataa, ataondoka akidhani simpendi. Nikikubali, nitasimama na uso huu kuisifu mikono iliyoupaka. Na nampenda, jamani. Ningemchukia, ingekuwa rahisi.

Ninyi mliolea wadogo zenu, nanyi mliolelewa, nielekezeni: nisimame nimsifu tu, au nimwambie kwanza ninachokijua, akiwa kitandani?

Na wewe uliyemfanyia mtu wako jambo kwa siri ukidhani unamsaidia, mwambie leo.