Punda Aliyeingia Jikoni kwa Mama Mkwe

Mvua ya mawe ilitukuta mchana, maharage yakiwa kwenye maua. Hadi leo nikisikia kitu kinagonga bati, natazama kwanza banda la punda ndipo nitazame mbingu. Sijui kama nitaweza kuieleza siku ile ilivyokuwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mengine nilikuwa nalia wakati yanatokea, kwa hiyo huenda sikuyaona sawasawa. Nitajaribu.

Mimi nimezaliwa Biharamulo, upande wa Lusahunga, kwenye kaya ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Nimeolewa Ngara, huku kwenye vilima vya Mabawe, kwa watu wa migomba na kahawa. Kwa gari si mbali, lakini baridi ni nyingine kabisa. Kwetu baridi ni jambo la asubuhi, jua likichomoza imekwisha. Huku inakaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Nilipopata mimba, hospitalini walinikataza kubeba ndoo. Chemchemi yetu iko bondeni, na ukishachota, njia ya kurudi ni kupanda tu. Baba yangu aliposikia hakusema mengi. Alileta punda jike, naye mjamzito, tumbo lake likiwa limelitangulia langu. Alishuka naye kwenye lori barabarani, wakatembea hadi kwetu. Mama mkwe wangu alimzunguka yule punda mara mbili, akauliza, "Mkwe, umetuletea farasi?"

Baba akacheka. Tangu siku ile jina likawa hilo: farasi wa Wasukuma. "Farasi wako kalala njiani." "Farasi wako kapiga kelele, padri alikuwa hajamaliza kuhubiri." Huku kwetu watu wengi hawafugi punda, na wanaomfuga wanachekwa kidogo. Mama mkwe alitangaza mbele ya majirani kwamba punda hatakanyaga jikoni kwake hata siku moja. Kwa haki niseme kwamba alikuwa na sababu. Siku ya kwanza tu, punda alikuwa amekula mgomba mchanga alioupanda kwa mkono wake.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Huku mtu akikupa ng'ombe, mzao wa kwanza humrudia aliyetoa. Ndiyo shukrani. Mama mkwe akaamua kwamba punda naye ni hivyo hivyo. Punda alipozaa, akasema yule mtoto si wetu, ni wa baba yangu, na akikua atapelekwa Biharamulo kwa heshima zote.

Nikamwambia, "Mama, kwetu baba akishatoa ametoa. Hangoji kitu."

"Huko ni kwenu. Mimi nikikaa kimya watasema nyumba hii inakula vya watu haishibi."

Kwa hiyo yule mtoto wa punda, ambaye kitovu chake kilikuwa hakijakauka vizuri, alikuwa amebeba heshima ya nyumba nzima, na kumtunza ilikuwa juu yetu sisi wanawake wawili. Mume wangu hakuwepo. Yeye huziba pancha za malori kule Lusahunga, na huja mwisho wa mwezi.

Siku ile palikuwa na jua kali asubuhi. Halafu wingu likaja kutoka upande wa Burundi, jeusi, likashuka chini mpaka kilima cha jirani kikapotea. Mawe yakaanza kuanguka. Mawe mengine nimeyaona, lakini yale yalirundikana uani mpaka ardhi ikawa nyeupe kama imemwagiwa chumvi ya mawe. Migomba ikachanika majani. Kuku walikuwa wametawanyika shambani, tukawakimbilia na mabeseni kichwani, mama mkwe akiwaita kwa sauti yake ya kuitia kuku na huku akimwita Bikira Maria. Mtetea mwenye vifaranga tulimkuta kajikunyata chini ya karai, sijui alijuaje.

Mawe yalipokoma ukaja upepo, na mvua ndogo ya baridi ambayo haikuwa na nia ya kuondoka. Banda la punda lina kuta pande mbili tu. Mawe yalikuwa yameingia mpaka katikati. Punda alikuwa amelowa hadi kwenye ngozi, kwa maana manyoya yake hayazuii maji kama ya mbuzi. Mtoto alikuwa chini, anatetemeka, na nilipomshika mdomo ulikuwa wa baridi kama kijiko.

Hapo nikafanya ninachokijua. Kwetu, jioni huwashwa moto wa samadi kavu uani, tunauita shikome. Wanaume hukaa hapo wakaongea, na mifugo husogea ikapata moshi na joto. Nilikuwa na gunia la samadi kavu. Uani mvua ingeuzima moto, basi nikauwasha ndani ya banda. Nikashusha turubai pande zote mbili zilizo wazi nikalifunga kwa kamba. Kuku nikawatia kwenye tenga na mtetea na vifaranga vyake, nikawaweka humo humo wapate joto. Nikampigia mume wangu. Akasema, "Vizuri sana. Ziba kila mahali, joto lisitoke." Kwa hiyo kosa hili tuligawana, ingawa yeye alikuwa mbali na hakuuona moshi. Mimi niliuona nikadhani ndio uzuri wenyewe. Nikaenda kubadili nguo zilizolowa, na najua nilijisikia hodari.

Nilirudi nikimsikia mama mkwe anapiga kelele. Alikuwa amelivuta turubai lote chini, moshi unamtokea kama anatoka tanurini, na kuku wamelala kwenye tenga midomo wazi, macho yamefumba.

"Hawa ni kuku au sangara wa kubanika?"

"Mama, kwetu tunawasha..."

"Kwenu mnawashia wapi?"

"Uani."

"Na hapa ni uani?"

Punda alikuwa anakohoa. Mama mkwe alikuwa anawainua kuku mmoja mmoja, anawapepea kwenye upepo ule ule tuliokuwa tunaukimbia, na mmoja mmoja wakafumbua macho. Mwenye madoadoa hakufumbua. Alikuwa wangu, wa mayai makubwa. Mama mkwe alimweka pembeni na hakusema neno juu yake, na nikaona afadhali angesema.

Alikuwa na majani makavu ya migomba darini kwake, anayatunza kwa kazi zake. Akayashusha, akayatandaza mengi kwenye banda la kuku, akaacha upenyo juu chini ya bati. Nikauliza kama tusizibe. Akasema kuku ana koti lake, kinachomuua ni kulala kwenye maji na kukosa hewa. Akawamwagia mahindi. "Alale tumbo lina kazi." Wakala. Kuku aliyekuwa anakufa sasa hivi anagombania punje! Nilicheka kwa woga.

Kisha akamchukua mtoto wa punda. Alimbeba kifuani, miguu mirefu inaning'inia, akampeleka jikoni kwake. Huku ndivyo wanavyofanya na wana-mbuzi wakati wa baridi: mtoto analala jikoni karibu na mafiga, mama yake anabaki bandani, asubuhi wanakutana. Kanuni yake ya punda aliipitia kwa ujanja. "Huyu si punda bado," alisema. "Huyu ni zawadi." Akaufunga mlango.

Mtoto akaanza kulia. Mama yake akajibu kutoka bandani, sauti ile ambayo ukiisikia karibu unaziba masikio. Akavunja ufito wa banda, akaja mpaka mlango wa jikoni akaupiga kwa paji la uso. Mama mkwe alikuwa anapasha maziwa ya mbuzi. Akasema mbuzi nao hulia kisha huzoea. Akampa mtoto maziwa kwa kijiko, yakamwagika shingoni. Akajaribu kwa kidole. Mtoto akageuza kichwa.

Nilijua kwamba punda si mbuzi. Mtoto wa punda mchanga hunyonya kila mara, kidogo kidogo, na maziwa hayo ndiyo joto lake. Mama yake naye akitengwa anaweza kukaza maziwa. Hayo nimekua nikiyaona. Lakini nilikuwa nimetoka kuua kuku mbele ya macho yake. Nani angenisikiliza, na kwa nini anisikilize? Nadhani nilikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Halafu mtoto akaacha kulia. Nje mama yake bado anapiga mlango, ndani kimya. Mkono wa mama mkwe ukasimama na kijiko.

"Huyu akifa," akasema polepole, "baba yako atasema nini?"

"Baba hatasema kitu."

"Ndicho ninachoogopa."

Hapo nikamwona vizuri. Hakuwa akimtaka punda, hakuwa akinikomoa mimi. Alikuwa anaogopa ukimya wa mtu aliyemtendea wema.

Nikasema, "Mama, anamtaka mama yake. Tumfungulie."

"Mlango huu hapiti punda. Nilisema mbele ya watu."

"Ulisema jikoni."

Nilijuta palepale, kwa kuwa ilisikika kama namjibu. Akanitazama. Akayatazama mafiga yake, yale mawe matatu aliyoyarithi kwa mama mkwe wake mwenyewe, ambayo mimi siruhusiwi hata kuyasogeza nikifagia. Kisha akachukua jembe.

"Basi pasiwe jikoni," akasema. "Wewe chukua chungu. Mawe usiguse na hilo tumbo."

Akayaburuta moja moja kwa jembe mpaka nje. Yalipotua kwenye yale mawe ya mvua yalilia *shiii* na mvuke ukapanda. Makaa akayazoa kwenye kigae akanipa nikapeleke kwenye jiko la nyumba yangu, ng'ambo ya ua. Alipomaliza alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia punda kwa sauti ya mtu anayekaribisha mgeni asiyempenda, "Haya, farasi. Karibu bandani."

Punda hakuingia. Baada ya kupiga mlango ule wote, ulipofunguliwa alisimama akanusa. "Na maringo juu!" mama mkwe akasema. Nikaingia mimi, nikamgeuza mtoto mama yake amwone. Punda akaingia, mguu kwa mguu, akainamisha kichwa akamlamba mtoto shingoni penye maziwa ya mbuzi. Akakunja pua. Tukamwinua mtoto, mimi nikimshika kifua na mama mkwe nyuma, akayumba, akatafuta mahali pasipo penyewe, akatafuta tena. Kisha tukasikia. Ni sauti ndogo, ya mate na haraka haraka. Tulikuwa tumeinama wawili tumemshikilia mnyama, na hakuna aliyetaka kuachia.

"Ananyonya," mama mkwe akasema.

"Ananyonya, mama."

Akaketi sakafuni, pale pale. Mgongo wangu ulikuwa unauma tangu mchana nami sikuwa na habari. Tulimsugua punda kwa majani makavu mpaka akaacha kutetemeka, tukamjazia nyasi kavu mbele, naye akatafuna kama hakuna lililotokea. Wana-mbuzi wa mama mkwe, ambao nao walikuwa wamelazwa humo, walijibana kwenye kona yao wakimtazama kwa dharau. Mvuke ulikuwa unatoka mgongoni kwa punda na ukuta wote ulinuka punda. Hakuna manukato niliyoyapenda kama yale.

Jioni ile mama mkwe alikula kwangu, mara ya kwanza. Nilisonga ugali, na tulikula kuku mwenye madoadoa, kwa maana hakuna aliyeona busara ya kumtupa. Akaonja, akasema ugali wangu mgumu, unaweza kuzibia pancha. Akaongeza tonge lingine.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata migomba haionekani, kisha jua likaupasua. Kuku waliobaki walitoka wote, na vifaranga vyote nyuma ya mama yao, wakaanza kupekua maharage yaliyoangushwa kama sherehe imeandaliwa kwa ajili yao. Maharage yenyewe tulipata kidogo sana msimu ule, siwezi kuficha. Lakini mtoto wa punda alitoka jikoni akaruka kwa miguu minne kwa mpigo, akaanguka, akaruka tena. Mume wangu akapiga simu kuuliza kama niliziba vizuri. Mama mkwe akaninyang'anya simu. "Mwanangu, wewe ziba matairi," akasema, akakata.

Baba nilimpigia mwenyewe. Nilimweleza yote, na moshi pia. Alicheka mpaka akakohoa, akasema mwacheni mtoto abaki, ameshazoea baridi ya huko, akija huku atalia joto. Nilipomfikishia mama mkwe alikasirika kweli. "Atakwenda. Shukrani haikataliwi kwa kucheka."

Sasa mtoto wangu ameanza kukaa, na yule wa punda ameacha kunyonya, ni mkubwa, ana miguu ya kutosha kwenda Biharamulo na kurudi. Mafiga yalirudi mahali pake siku ile ile jua lilipotoka. Malori ya jamaa wanaokwenda Lusahunga yamepita, na wenye nafasi wametuambia mara nyingi tumlete. Kila mara mama mkwe hutoka uani, akakinga macho kwa mkono, akatazama upande wa Burundi.

"Wingu lile silipendi," husema. "Aende wiki nyingine."

Mara nyingine hakuna wingu. Na jioni yule mtoto huenda mwenyewe akasimama mbele ya mlango wa jikoni, akangoja. Mama mkwe humtukana kwa Kihangaza, lugha ya huku, maneno ambayo mengine bado sijayajua, na huku anamtupia maganda ya ndizi.