Picha la Kihindi Lililoniumbua Idi Pili

Kwetu Tanga, Idi pili bila picha si Idi. Siku ya kwanza ni ya swala na pilau. Ya pili ni ya kukaa mbele ya picha la Kihindi na kugombana nani stelingi, yaani shujaa, nani adui. Dada yangu aliibeba desturi hiyo mpaka huku Marekani, Buffalo, East Side, na mwaka huu alitukusanya sebuleni kwake baada ya chakula cha mchana, majirani zake Wakongo wakiwemo, tutazame picha la askari mstaafu. "Hili lako, Afande," akaniambia, akanipa kiti cha mbele. Mimi nilistaafu jeshi nyumbani kabla sijamfuata binti yangu huku, kwa hiyo kila picha la bunduki watu husema langu.

Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Binti yangu alikaa nyuma yangu na wanawe. Jana yake, siku ya Idi yenyewe, alinisogelea jikoni akasema taratibu, "Baba, kesho kutwa tukirudi Louisville, twende wote. Chumba chako kipo." Nikajibu nitafikiria. Ubishi wa kizee tu, maana bagi nilishafunga kabla jua halijazama.

Mwaka mzima sikuwa nyumbani kwake. Kabla ya hapo, kwenye fleti yake ya Highview, Louisville, nilikuwa nawaamsha wajukuu kwa sauti ya gwaride, nakagua vitanda, viatu navipanga mstari. Mimi niliona nalea. Asubuhi moja yule mdogo alijificha nyuma ya pazia akilia, na mama yake, mikono imejaa povu la sabuni, akanigeukia: "Baba, hapa si kambini. Wanangu wanakuogopa kama mbwa mkali. Naomba utafute pengine pa kukaa."

Iliniuma, jamani, iliniuma sana. Lakini sikumwambia ndugu hata mmoja. Kwetu mtoto akimtoa baba yake nyumbani, jina lake limekwisha. Simu zitalia mpaka Tanga na kila shangazi atatoa hukumu. Mwanangu alikasirika siku moja, ndiyo ahukumiwe maisha? Nikawaambia watu nimepata kazi Columbus.

Columbus nilifikia kwa rafiki yangu, mtu wa mtaa mmoja na mimi tangu utotoni. Huyu bwana kazi yake ni ghalani, lakini akirudi hutafsiri picha. Anajifungia kwenye kabati la nguo lililozungushiwa mablanketi, anaingiza Kiswahili chake juu ya Kihindi: yeye stelingi, yeye adui, yeye mama anayelia. Kihindi chenyewe hajui hata kuomba maji. Anafuata maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na penye upungufu anatia ya kwake. Watu wetu wanampenda kwa hayo ya kwake kuliko picha lenyewe. Siku moja tukila ugali akaniuliza mbona naishi kama msafiri. Nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Akaapa kwa mama yake mzazi: "Kaka, hili nitazikwa nalo."

Basi, sebuleni kwa dada picha likaanza, na mtafsiri ni huyohuyo rafiki yangu. Sauti yake ilipotoka tu, watu wakacheka kabla hajasema la maana. Askari mstaafu karudi kwao, matajiri wa mbao wanawapora watu mashamba, naye amechoka na vita, hataki ugomvi. Nacheka na wenzangu. Halafu akatokea binti wa askari, wamesimama stesheni ya treni, na rafiki yangu akabana koo liwe la kike:

"Baba, hapa si kambini! Wanangu wanakuogopa kama mbwa mkali! Tafuta pengine pa kukaa!" Kisha, asivyo na haya, akaongeza kwa sauti yake mwenyewe: "Mabinti wa Marekani hawa! Wakishapata fleti, baba anakuwa takataka!"

Sebule ililipuka. Mama mmoja Mkongo akapiga makofi. "Eh! Huyu mutoto iko na roho mubaya! Donc anafukuza baba yake?" Dada yangu akasonya. Mimi nikakodolea picha macho, nisigeuke nyuma.

"Maandishi ya chini hayasemi hivyo," binti yangu akasema nyuma yangu. Hakupaza sauti, lakini kicheko kilikatika. "Binti anamwambia baba yake asafiri salama. Amemfungia chakula cha njiani. Hayo mengine ni maneno yangu."

Macho yote yakamwendea yeye, kisha yakanijia mimi. Nikamwona dada yangu akiunganisha mambo kichwani.

"Mwanangu, sikiliza..."

"Mimi nilikukosea, Baba. Nimetoka Louisville kuja kukuomba radhi. Kumbe ulishanianika."

"Nilimwambia mtu mmoja tu!"

"Na huyo mmoja hakukutosha?" Akawavalisha watoto viatu pale mlangoni. Nilimfuata mpaka kwenye gari, pekupeku, kanzu nimeishika mkononi. Hakushusha kioo.

Nilimpigia yule mshenzi palepale barabarani. Akapokea kwa bashasha: "Afande! Vipi, wamelia?"

"Umeniuza."

"Kaka, nimekutetea! Nimekufanya stelingi, na jina sikutaja!"

"Uliapa kwa mama yako."

Akajitetea kwamba pale stesheni maneno ya Wahindi yalikuwa baridi, kwaheri na chapati tu, picha lilikuwa linapoa. Linapoa! Ndiyo sababu yake yote. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo yenyewe nilimvulia mwenyewe.

Sikurudi Columbus. Naishi kwa dada yangu sasa, na kila jioni anashika simu kuniombolezea kwa ndugu: kaka yangu katupwa na mwanawe. Nikisema mwanangu hana kosa, nimemsamehe zamani, wananijibu ndiyo huruma ya baba hiyo, na wanazidi kumlaani. Flashi ya picha imeshazunguka mpaka Louisville. Watu wanamnyooshea kidole madukani.

Ijumaa baada ya swala ya mchana nilimpigia tena simu binti yangu. Akapokea mjukuu mkubwa, akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama hayupo. Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Mama yake alipokuwa mchanga kilimsumbua kifuani, na mimi ndiye niliyembeba begani, nikizunguka naye chumba kizima mpaka kitulie.

"Haya, mjukuu wangu," nikasema. "Akirudi, msalimie."