Jibu NDIYO au HAPANA

Mama yangu hajawahi kumwambia mtu hapana. Nasema hivi bila kutia chumvi, na wala simsifu. Muuza mitumba akimletea sweta lenye tundu kiwikoni, mama atasema, "Sweta zuri, tutaangalia." Jirani akija kuomba jembe ambalo mara ya mwisho alilirudisha bila mpini, atasema, "Lipo, njoo kesho," na kesho yake atashinda shambani mpaka jua lizame. Huku kwetu milimani, juu kidogo ya Soni, kila mtu anajua majibu hayo maana yake nini. Muuza mitumba anafunga mzigo wake, jirani anakwenda kuazima kwingine, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Utaratibu huu ulitufaa sana mpaka kampuni ya simu ilipoingia nyumbani.

Mimi nilikua enzi tukiitwa ndugu wananchi. Simu ilikuwa posta ya Lushoto, na ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali ulijaza fomu, ukakaa kwenye benchi, ukapigiwa kelele uingie kibandani. Kisha likaja soko huria. Maduka ya Soni yaliyokuwa na chokaa tu yakapakwa rangi za kampuni za simu, moja nyekundu, jirani yake buluu, katikati yao fundi cherehani aliyekataa rangi akaonekana mshamba. Na sisi, bila mkutano wowote kuitishwa, tukageuka ndugu wateja. Nafundisha somo la uraia sekondari, kwa hiyo mabadiliko hayo niliyapokea rasmi. Nilirarua kurasa kadhaa za maandalizi yangu ya somo na kuandika nyingine juu ya haki za mlaji.

Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa. Nikiwa mtoto, mama mkubwa alipanda basi pale Mombo kumfuata mumewe, fundi wa barabara, akaenda kuishi Songea. Tangu hapo alirudi mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa msiba. Baadaye magoti ya dada wote wawili yaligoma, na safari ikabaki kuwa jambo la kuzungumzwa tu. Nilipomnunulia mama simu ya kioo kikubwa sikuwa natafuta sifa kijijini, ingawa sifa zilipokuja sikuzifukuza. Nilitaka amwone dada yake akiwa hai.

Tukapanga iwe Jumapili asubuhi. Kule Songea mkwe wa mama mkubwa angemshikia simu, huku ningeshika mimi. Siku ya kwanza mama alivaa kanga mpya kana kwamba anakwenda harusini. Uso wa dada yake ulipotokea, alipiga goti lile lile bovu palepale jikoni, kwenye sakafu ya udongo, akasema, "Shikamoo dada." Mama mkubwa akaitikia marahaba, kisha wote wawili wakatazamana. Nililia, nasema wazi. Nilisingizia moshi wa kuni.

Kisha wakaanza kusalimiana.

Mtu asiyetoka huku hajui salamu zetu zilivyo. Unauliza mwenzako ameamkaje, nyumba imeamkaje, watoto mmoja mmoja kwa majina, mbuzi, maharage, mvua, wagonjwa wa upande huu wa bonde na wa upande ule. Ukimaliza, mwenzako anakuuliza yote hayo upya, akianzia mwanzo. Kuruka hata mbuzi ni kuonyesha kwamba una haraka na mtu, na mwenye shida yake haifikii mpaka njia hiyo yote iwe imetembewa. Dada hawa walisalimiana hivyo kwa Kishambaa cha zamani ambacho hata mimi kinanipita kidogo. Waliotengeneza vifurushi vya intaneti, naona, walimfikiria kijana anayesema "mambo" na kuondoka zake. Bando letu mara nyingi lilifia kwenye mbuzi.

Hapo ndipo ujumbe ulipokuja. Mama anasoma, alijifunza kwenye madarasa ya watu wazima na anajivunia jambo hilo kuliko mashamba yake ya kabichi. Alisoma kwa sauti, taratibu: Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha. Je, ungependa kuendelea kwa gharama za kawaida? Jibu NDIYO au HAPANA.

"Anauliza kwa adabu," mama akasema.

Akaandika jibu lake mwenyewe, kwa kidole kimoja: Inshallah.

Simu ikarudisha kwamba samahani, jibu halijatambulika. Mama aliumia. "Nimemjibu vizuri, anasema hanitambui," akaniambia. Akafikiri kidogo, akaandika: Tutaangalia mwanangu. Nalo halikutambulika. Basi, kwa kuwa limebaki jibu moja tu ambalo mtu mwenye malezi anaweza kumpa anayemwita ndugu, akaandika NDIYO, na salio nililomwekea la mwezi mzima likaisha kabla ukungu haujaondoka bondeni.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Nilimweleza kwamba hakuna mtu upande wa pili, ni mashine. Akaniambia mashine haiwezi kumwita mtu ndugu ila imefundishwa na mtu, na mtu huyo ana mama yake.

Wakati huohuo wakaja wataalamu kutoka mjini kutufanyia semina ya haki za watumiaji wa simu, kwenye ukumbi mmoja pale Lushoto. Mtoa mada alikuja na shati la mikono mifupi, akatetemeka mchana kutwa. Alitueleza kwamba sasa tunalindwa. Kampuni ni lazima imjulishe mteja kifurushi kinapokaribia kuisha, na haiwezi kumtoza nje ya kifurushi mpaka mwenyewe akubali. Mteja ana haki ya kuuliza, ya kulalamika na ya kukataa. Mzee mmoja muuza karoti akainua mkono. "Shikamooni wenye umri wenu. Na kama huyo mtu ameomba kwa heshima, unamkatalia vipi?" Ukumbi mzima ulicheka, na aliyecheka zaidi nilikuwa mimi. Tukagawiwa vijitabu na soda baridi, katika baridi ile.

Niliondoka nimejaa haki. Kesho yake nikaipigia kampuni. Nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikasikilizishwa muziki ambao nadhani umetungwa ili watu wakate tamaa, na mwisho nikampata binti mwenye sauti ya asali. Nikamweleza kwamba mama yangu anatozwa bila ridhaa. Akaangalia kwenye kompyuta yake. "Mpendwa mteja, hapa naona alijibu NDIYO mara zote."

"Alijibu kwa adabu," nikasema. "Hiyo si ridhaa. Mnajua kabisa ni mtu mzima, mnamuuliza swali ambalo hawezi kulijibu vingine, halafu mnasema amekubali."

Nilisema mengi, na kwa Kiswahili kilichonyooka. Bado naamini nilikuwa na haki. Binti akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba upo utaratibu wa kikomo: kifurushi kikiisha, intaneti inakatika papo hapo, mteja haulizwi chochote. Nikaenda kwa wakala mjini nikiwa na kitambulisho cha mama, nikajaza fomu kwa niaba yake, nikaweka kikomo. Juma lile niliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kipindi kizima juu ya ridhaa, na mfano nilioutumia ulikuwa wa bibi mmoja mkulima na binti yake shupavu.

Jioni ile niliyotoka kwa wakala nilimweleza mama. Alikuwa anachambua maharage.

"Yule anayeuliza hatauliza tena?"

"Hatauliza. Nimeweka kikomo, salio lako lisiliwe."

"Na mazungumzo yakiwa katikati?"

"Yatakatika, lakini hutatozwa hata senti."

Akatupa maharage mawili mabovu pembeni. "Vizuri," akasema. "Umefanya vizuri mwanangu."

Nikalala usingizi mzito.

Jumapili zilizofuata intaneti ilikatika kwenye watoto, au kwenye mbuzi, au mara moja, siku ya bahati, kwenye maharage. Mama alikuwa anaweka simu juu ya kinu, anasema dada yake amenenepa au amekonda, anarudi kwenye viazi vyake. Hakulalamika. Nilimwekea kifurushi kikubwa kidogo, wao wakarefusha salamu kidogo.

Halafu mama mkubwa akaugua. Mkwe wake alituambia ni kifua, na Jumapili ile alituonyesha amelala kitandani, kanga kichwani, mashavu yameingia ndani. Mama alipiga goti kama siku ya kwanza. Salamu zilikwenda polepole kwa sababu mama mkubwa alipumzika kila baada ya maneno machache, lakini hakuna aliyeruka kitu. Waliuliza nyumba. Waliuliza watoto wote. Walipita mbuzi, wakapita maharage na mvua, wakafika kwa wagonjwa, na mama mkubwa akacheka kidogo akasema mgonjwa ni yeye. Nilishika simu mkono ukiniuma, nikijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu tununue kile chombo wanafika mwisho wa salamu.

"Sasa mdogo wangu," mama mkubwa akasema, "sogea. Kuna neno nimekaa nalo tangu niondoke Mombo. Siku ile nilipokuacha pale stendi..."

Uso wake ukaganda, mdomo wazi nusu, kisha kioo kikawa cheusi.

Nilijua cha kufanya, maana mimi ni mtu wa haki zangu. Nikatoa simu yangu mwenyewe na kuipigia kampuni. Nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikasikiliza ule muziki nikizunguka jikoni, nikimwambia mama kwamba leo watanitambua, kwamba huwezi kumkatia mtu simu ya mgonjwa. Mama alikuwa bado amepiga goti. Aliyepokea safari hii alikuwa kijana, mpole sana. Akaniambia mtandao uko salama, mpendwa mteja. Kifurushi kimekwisha, na laini hiyo ina kikomo kilichowekwa kwa ombi la mteja mwenyewe.

Sikumbuki kama niliaga. Ndipo nikampigia mkwe kwa simu ya kawaida, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya tangu mwanzo. Akapokea kwa sauti ya chini. Mama mkubwa alingoja, akaita, akauliza mbona mdogo wake amenyamaza, akachoka. Amepata usingizi sasa hivi. Amwamshe?

Nikamuuliza mama. "Mwache alale," mama akasema. "Tutazungumza kesho."

Kesho yake mama mkubwa hakuwa na nguvu ya kuzungumza. Usiku wa kuamkia Jumatano alifariki, na akazikwa Songea kabla hatujapata hata basi la kutufikisha Morogoro. Mkwe wake, tulipomuuliza baadaye, alisema hakumwachia neno lolote. Lilikuwa la mdogo wake.

Tulisoma hitima nyumbani, majirani wakaja na kuni na ndizi. Baada ya matanga nilikwenda kwa wakala, nikajaza fomu nyingine, nikaondoa kikomo. Hakuna aliyeniomba. Nilirudi nikamkuta mama amekaa kizingitini, simu kwapani ndani ya kanga, nikakaa karibu naye. Nilitaka anigombeze. Ningepumua.

"Mama," nikasema, "siku ile nilipokueleza habari ya kikomo, wewe ulikubali?"

"Nilikuambia vizuri."

"Vizuri, maana yake ndiyo?"

Akanitazama bila hasira hata chembe, kama anavyomtazama mgeni aliyepotea njia akaingia shambani kwetu.

"Mwanangu," akasema, "wewe si umezaliwa hapa?"