Bei ya Injini Isiyo na Pistoni

Buyenzi, mtaani kwetu, injini ilitengenezwa kwa bei ya pistoni. Mteja alipoleta gari lililochoka, fundi hakumuuliza ni la mwaka gani wala mwenyewe anafanya kazi wapi. Alimuuliza, "Pistoni ngapi?" Nne zilikuwa na bei yake, sita bei yake, na kila mtu kwenye avenyu yetu aliijua bei ya pistoni moja kama alivyojua bei ya mkate. Kwa hiyo siku mfanyabiashara mmoja wa vitenge alipoingiza gari lake kwa kusukumwa katika uwanja wa mjomba wangu, mjomba alimuuliza swali hilo hilo.

"Haina hata moja," mfanyabiashara alisema.

"Basi tutakutengenezea bure, patro."

Uwanja mzima ulicheka. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la milango miwili, rangi ya manjano iliyopauka, na injini yake ilikuwa ya kuzunguka. Mahali pa pistoni zinazopanda na kushuka, mlikuwa na vyuma viwili vya pembe tatu, kila kimoja kikijigeuza ndani ya chumba chake kama mtu aliyekosa usingizi. Gari lilikuwa limelala nyumbani kwa mfanyabiashara, mtaa wa Kinindo, tangu vita vilipoanza, na sasa halikuwaka. Mafundi wengine walikuwa wameshalikataa. Wasubu sufuria, wanaoyeyusha vyuma chakavu, walikuwa wameshampa bei ya injini kwa kilo, maana sehemu yake kubwa ni aluminiamu. Alisema kwetu ndio mlango wa mwisho. Tukishindwa, atawaita waje waichukue.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwahi kukabidhiwa injini nzima peke yangu. Shule ya ufundi niliyoitamani ilikuwa upande wa mji ambao, kwa ajili ya vita, sisi hatukuvukia tena, kwa hiyo nilijifunza kwa kufungua vitu na kuogopa kuvifunga. Kuogopa ndiyo tabia yangu. Hata leo nikifunga mlango narudi kuusukuma, kisha narudi tena. Bolti nilikuwa naziosha mpaka mafundi wenzangu wakawa wananitania kwamba nazitayarisha kwenda kuswali Ijumaa.

Lakini ndani ya kidroo cha gari lile mlikuwa na kitabu cha maelezo. Kilikuwa cha Kijapani, sikuweza kusoma hata neno moja, ila picha zake zilichorwa kwa usafi ambao sijawahi kuuona kwenye kitu chochote. Nilizitazama nikiwa nimechuchumaa pembeni, nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nitaitengeneza mimi.

Mfanyabiashara alikubali kwa masharti. Nitaje bei moja kabla sijafungua hata skrubu, na isiongezeke. Injini isipowaka, nimlipe mimi ile bei ya wasubu sufuria. Pesa hiyo sikuwa nayo, wala mama yangu hakuwa nayo. Mjomba alinivuta kando.

"Mi sina pesa ya kukukomboa," aliniambia. "Na usiseme 'tutaona'. Mutu anayesema 'tutaona' ni mwizi ao ni mutoto. Taja bei."

Nikarudi kwenye picha. Nilihesabu ncha za vile vyuma: tatu huku, tatu kule.

"Sita," nilisema. "Bei ya pistoni sita."

Fundi mmoja wa rangi aliyekuwa akipiga msasa alimwambia mfanyabiashara akubali haraka, kwani kijana anamuuzia pistoni ambazo Wajapani walisahau kuziweka. Mfanyabiashara hakucheka. Alinitazama mikono, akasema sita ni sita.

Nilipofungua niliona ugonjwa. Kwenye kila ncha kuna ukanda wa chuma, mwembamba, urefu wake kama kidole cha kati, unaofuta ukuta wa chumba ili moto usivuje. Zote sita zilikuwa zimelika. Ukuta wenyewe, alhamdulillahi, ulikuwa ungali unang'aa. Siku hizo nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo na kufunga mipaka, na kuagiza kanda hizo Dubai kulikuwa sawa na kuagiza mvua. Nikashuka bandarini, ziwani. Nyuma ya karakana ya meli za mizigo kulitupwa shemizi kuukuu la injini kubwa, yaani lile pipa la chuma ambamo pistoni hucheza. Chuma chake ni cha kuvumilia msuguano. Nililinunua, nikamlipa fundi wa mashine ya kukerezea anikatie vijiti kwa urefu, nikarudi navyo nyumbani nimevifunga kwenye kanga ya mama.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya tupa na mkono. Ukanda ukiwa mnene kidogo unakwama, ukiwa mwembamba kidogo unavujisha, na hicho kidogo hakionekani kwa macho. Nilipima, nikasugua, nikapima. Vijiti vizuri kabisa nilivitupa kwa sababu ya shaka tu, na ilipobidi nirudi bandarini kukatiwa vingine nililipa tena. Asubuhi nilikuwa natapika kabla ya chai. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani anayejua kazi hatetemeki. Mimi nilikuwa natetemeka, nikiacha mkono utulie, kisha nikiendelea.

Gharama niliihesabu kwa pistoni. Shemizi na kukereza vilikula mbili. Kukereza tena, moja. Mipira ya kuzuia maji, moja kasoro. Petroli ya kujaribia, iliyouzwa kwenye chupa kwa siri na kwa bei ya manukato, ilikula moja na nusu, kwani injini ile ina kiu. Zilipokatwa zote hizo nilibaki na kama nusu na kidogo, kwa kazi iliyonila kipindi chote cha masika.

Siku ya kuiwasha mfanyabiashara alikuja, akaketi ndani mwenyewe. Alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza, kisha ekzosi ikalipuka mlipuko mmoja mkubwa, na avenyu nzima, iliyozoea mabomu, ikalala chini. Mama muuza sambusa alikuwa chini ya meza yake, fundi rangi chini ya lori, mjomba kifudifudi na kofia yake mkononi. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Baada ya mlipuko ilikuja sauti nyingine, laini, isiyo na kigugumizi, kama cherehani inayoshona hariri.

"Kumbe ni moteri!" muuza sambusa alisema kutoka chini ya meza, na akatukana vizazi vyangu vyote.

Mfanyabiashara aliliendesha hadi bandarini na kurudi, na aliporudi halikuwa linatoa moshi. Alizima, akawasha, akazima, akawasha, kama mimi na mlango wangu. Kisha akatoa pesa. Mjomba, kwa huruma, alimweleza jinsi nilivyobaki karibu mikono mitupu, labda atanitazama kidogo.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Apana," mfanyabiashara alisema. "Alisema sita. Ingekuwa mutoto ningemuongezea. Huyu ni fundi, fundi analipwa bei yake."

Akanihesabia noti mkononi mbele ya watu wote, bei ya pistoni sita, bila faranga moja juu. Fundi rangi aliacha kupiga msasa. Nilisikia uso wangu ukiwaka moto, na kwa mara ya kwanza haikuwa aibu. Nami nikazihesabu tena, polepole, mbele yake, nikamwambia zimetimia.