Mvumo Nyuma ya Jicho

Jirani anapasha chumvi ya Ziwa Katwe moto. Mtoto wake alianguka akagonga kichwa juzi. Harufu ile ya tope la ziwa imenifikia jikoni, na shavu langu la kushoto limeshtuka kabla yangu.

Kwetu Bwera chumvi hiyo ilitibu kila uvimbe. Nilipoanguka kutoka kwenye pikipiki nikagonga kichwa, mama aliifunga kitambaani akanikanda upande wa kushoto wa uso, na uvimbe ukashuka. Siku chache baadaye jicho likawa jekundu, likatokeza nje, na kichwani kukaanza kuvuma, fuu, fuu, sawasawa na moyo. Nilisema. Hakuna aliyeniamini.

"Tulia," mama alisema. "Chumvi itanyonya hiyo damu mbaya."

"Hapana! Iko ndani, inavuma!"

Nikamnyang'anya kitambaa, nikakitupa uani, kuku wakatawanyika. Mama akainua mkono anizabe kofi. Sikukimbia. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, nikabana sikio lake juu ya jicho langu.

Mkono wake ulibaki hewani.

Akanibeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka hospitali. Muuguzi alipotuambia tungoje foleni, mama alimjibu, "Leta sikio yako hapa kwanza."

Daktari alisema mshipa wa damu ulikuwa umechanika nyuma ya jicho.

Sasa, ng'ambo ya ukuta, mtoto analia: "Siyo hapo, mama! Iko ndani!"

"Tulia," mama yake anamwambia.

Naweka mwiko chini. Mlango wao umefungwa, na leo sipigi hodi; nausukuma.