Kompyuta imemkamata fundi viatu, lakini lile sikio nalijua mimi

Admin, nifichie jina, hata la mtoto. Tunduma tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka 24, niliishia darasa la saba, nauza maharage sokoni. Naishi na baba wa mwanangu mwaka wa tano sasa. Anapakia mizigo kwenye malori mpakani. Ni mpole, hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Mtoto akiugua, yeye ndiye anambeba mgongoni kwa kitenge changu hadi zahanati, wenzake wamcheke wasimcheke. Ndiyo maana naandika huku naumia.

Kuna vitu nilikuwa navipita tu. Hapendi picha. Hata mtoto alipobatizwa alijibanza nyuma ya nguzo ya kanisa. Halafu anasema kwao ni Sumbawanga, ila siku moja mama muuza ndizi wa kutoka Ileje alimtania mwenzake kwa Kindali, lugha ya kwao, mume wangu akaangua kicheko. Nikamuuliza, "Kindali umejifunzia wapi wewe?" Akasema, "Nimecheka alivyokunja uso, mama." Nikaacha.

Mwezi uliopita likaja tangazo kwenye grupu letu la sokoni. Kijana alimuua jirani yake huko Ileje kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akatoroka, miaka mingi hajaonekana. Zilikuwa picha mbili. Moja ya zamani, amevaa sare za shule. Nyingine imetengenezwa na hii akili mnemba, kuonyesha alivyo sasa akiwa mtu mzima: mashavu mazito, kipara, ndevu zina mvi. Wenzangu wote wakavamia ile ya pili.

"Jamani, huyu si fundi viatu wa stendi?"

"Ndiye! Mashavu yale yale!"

"Kompyuta haina ujomba na mtu!"

Wakawa wanacheka. Kabla hatujafunga meza, vijana walishamkokota fundi hadi kituo cha polisi. Kesho yake ndugu za marehemu wakaja, wakasema ndiye.

Mimi nilikuwa naangalia ile ya shule. Sikio la kushoto la yule kijana limejikunja kwa juu kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Mwanangu kazaliwa na sikio hilo. Baba yake analo pia, na kofia yake ya sufu haivui nje hata jua liwake vipi. Kwenye picha ya kompyuta sikio limenyooka vizuri kabisa. Hakuna aliyeliuliza.

Siku ile fundi anachukuliwa, mume wangu alirudi na nyama, anapiga mluzi.

"Umesikia? Wamempata yule muuaji."

Nikasema, "Si yule fundi aliyemshonea mtoto sendozi akakataa hela?"

Akaitua nyama jikoni, akasema, "Binadamu humjui, mama."

Jumapili akaning'iniza kofia msumarini. "Vaeni vizuri, twende studio tukapige picha ya familia." Miaka mitano namuomba picha! Nilifurahi kama mjinga, nikampaka mtoto mafuta. Tukiwa tumekaa mbele ya pazia ndipo nikajiuliza, kwa nini leo?

Picha ninayo hapa kwenye simu. Ametabasamu, mtoto yuko mapajani, masikio yao yanafanana. Nimetaka niwatumie mlinganishe na ile ya shule, kidole kimegoma.

Najipa moyo kwamba watu wenye sikio hilo wako wengi, na kwamba mtu anayembeba mtoto vile hawezi kuua. Lakini kila nikienda sokoni nampita mke wa fundi nje ya kituo, amekaa chini na hotpoti la chakula. Ananiita, "Mwanangu, mjukuu wangu hajambo?" Nashindwa kumwangalia usoni.

Nikisema, mwanangu anakosa baba. Nikinyamaza, yule mama anazeekea pale chini. Msinitukane, nishikeni mkono kwa mawazo. Picha hii niipeleke kituoni, au nimwekee kwanza mume wangu mwenyewe mezani nimuulize? Na akikubali kwamba ni yeye, nitamjibu nini?