Picha Mbili Zinazofanana

Muhula wangu wa kwanza hapa Guangzhou nilipata maksi tisini na moja kwenye somo la mitandao ya kompyuta, na hakuna aliyenipongeza. Mmoja, tena Mtanzania mwenzangu, aliniambia kwenye foleni ya kantini kwamba hata yeye angezipata hizo kama angewekewa mtu wa kumsaidia. Alisema kwa utani. Nilicheka, maana nimelelewa, lakini chakula kile sikukimaliza.

Mimi sioni tangu utotoni. Kompyuta naitumia kwa masikio: ipo programu inayosoma kila kilichoko kwenye skrini, na yangu nimeizoesha kusema mbio kiasi kwamba mtu mwingine akisikiliza hudhani redio imeharibika. Nasoma vitabu, naandika programu, nagombana na watu mtandaoni, yote kwa njia hiyo. Sasa mitihani ya idara yetu inafanyika kwa programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzifungua ndani na kuzitengeneza. Walioiunda hii walipamba vitufe vyake kwa vichoro: mshale wa kwenda swali la mbele, alama ya vema ya kuchagua jibu, na sijui kijindege cha karatasi cha kuwasilisha. Hawakukipa hata kimoja jina. Nikipita juu yake nasikia "kitufe, kitufe, kitufe", kama mtu anayebisha hodi na akiulizwa ni nani anaendelea kubisha.

Dawa ya idara ikawa msaidizi. Waliniketisha na mwanafunzi wa uzamili, Mchina mpole sana, akawa ananisomea swali, mimi najibu, yeye anabofya. Kwenye swali moja nilisema B. Kipanya hakikulia. Kisha akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Nikasikia kipanya kimelia. Alibofya nini, mimi nitajuaje? Hapo ndipo uchungu wangu wote ulipolala. Mwanamke mzima, nimetoka Tanga mpaka huku kwa masomo, halafu siwezi kuapa kwamba mtihani niliofanya ni wangu.

Nikasema muhula wa pili nitabofya mwenyewe. Nikamwendea mhadhiri anayesimamia mitihani, nikamwambia nitaitengeneza ile programu. Akanijibu kwamba idara haiwezi kuweka viraka vya mwanafunzi kwenye mashine za mtihani, lakini wenye programu wakiyapokea marekebisho yangu na kutoa toleo jipya kabla ya mitihani, ataliweka siku hiyo hiyo. Hapo alikuwa na haki, na sikumlaumu.

Kazi yenyewe haikunitoa jasho. Nilikaa bwenini, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo, nikakipa kila kitufe jina lake, kisha nikafanya mtihani wa majaribio mwanzo hadi mwisho bila mtu pembeni. Nikayatuma marekebisho mradini, kwa wenye programu, pamoja na maelezo. Jibu la msimamizi wa mradi likaja upesi, adabu tupu: asante sana, ila kanuni yetu inataka kila badiliko la vitufe liambatane na picha mbili za skrini, moja ya kabla na moja ya baada.

Nikamwandikia kwamba mimi sioni, na kwamba nilichobadilisha hakionekani, kinasikika. Akajibu kwamba ananionea huruma kwa dhati, lakini kanuni ni ya wote. Akanishauri nitafute mtu anayeona anisaidie.

Huruma? Nani kamwomba huruma? Nimempelekea kazi mpaka mlangoni, bure, ya kutengeneza walichokosea wao wenyewe, na bado ananipokea kana kwamba nimekwenda na bakuli. Huruma ya namna hiyo naijua tangu shule ya msingi. Ndiyo iliyonifanya nikalishwe benchi la nyuma wakati wa hesabu nipumzike, wakati mimi hesabu nilikuwa naipenda.

Nikajikaza. Mwenzangu wa chumbani ni Mkenya, anasomea famasia, macho yake mazima. Nikamwomba apige hizo picha. Akapiga ya kwanza, nikafungua toleo langu, akapiga ya pili. Akazilinganisha.

"Siste, hizi picha ni moja," akasema. "Hakuna kitu imechange."

"Ndivyo zinavyotakiwa ziwe."

"Sasa wanataka kuona nini?"

"Waulize wao," nikamwambia, na tukazituma.

Jumamosi tulikwenda wote soko la vitambaa la Zhongda kutafuta kitambaa cha nguo ya Idi. Kitambaa mimi nakijua kwa vidole, na nilikuwa nimeshika jora moja laini ambalo sikutaka kuliachia. Muuzaji akamgeukia mwenzangu: "Yeye anataka rangi gani?" Na Kichina nakisema mimi, mwenzangu anababaisha. Nikamjibu mwenyewe kwamba nataka kijani na kwamba nasikia vizuri. Wakati anapima, simu ikatetemeka mkobani. Nikaiweka sikioni. Msimamizi wa mradi ameandika kwamba amezilinganisha picha zote mbili kwa makini, haoni tofauti yoyote, na kwa hiyo ombi langu amelifunga kwa kuwa halibadilishi kitu.

Wafanyabiashara wetu wanaochukua nguo soko la Shisanhang wana neno waliloliokota kwa wenye maduka: "meiyou", hakuna. Unaambiwa meiyou hujamaliza hata kutaja unachotaka, na bidhaa yenyewe imepangwa nyuma ya mgongo wa anayekujibu. Huyu naye alikuwa ameniambia meiyou, tena kwa lugha ya kistaarabu. Nililipa kitambaa changu nikaondoka bila kuomba punguzo, jambo ambalo si kawaida yangu. Njiani, ile njia ya matuta tuliyotengenezewa sisi wenye fimbo ilikuwa imezibwa na pikipiki za umeme kama siku zote. Nilizigonga kwa fimbo moja baada ya nyingine, kwa makusudi, na mwenzangu akawa anaomba radhi nyuma yangu.

Nilipofika bwenini nikarekodi sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kabla: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Ya pili ilikuwa ya baada: swali lililopita, swali linalofuata, chagua jibu hili, wasilisha mtihani. Chini yake nikamtolea uvivu. Niliandika: "Mliomba kabla na baada, hizi hapa. Mkishindwa kusikia tofauti, tafuteni mtu anayesikia awasaidie."

Kisha nikapeleka habari kwenye jukwaa letu la waandishi wa programu wasioona. Wakaja. Mmoja yuko Brazil, mwingine India, mwingine ni mwalimu wa Mombasa. Kila mmoja akayajaribu marekebisho yangu na kuandika pale mradini alichosikia. Yule wa India akaeleza kwamba yeye aliwahi kutuma marekebisho kama hayo hayo, akadaiwa picha, akachoka akaacha. Kumbe kazi ilikwishafanywa zamani, ikatupwa, na mimi nikafanyiwa mtihani na msaidizi kwa sababu hiyo. Siku hiyo niliwatukana kwa Kiswahili, peke yangu, mpaka nikapata nafuu.

Msimamizi hatimaye alizima skrini yake na kusikiliza. Akaomba radhi, akapokea marekebisho, na kwenye kanuni pale penye "picha" akaongeza "au sauti". Toleo jipya likatoka likiwa na shukrani: kwangu, na kwa "msaidizi wake aliyepiga picha". Mwenzangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka.

Mhadhiri alitimiza ahadi. Niliingia mtihanini na vifaa vyangu vya masikioni, nikasoma mwenyewe, nikachagua mwenyewe, na nilipofika kwenye "wasilisha mtihani" nilikisikiliza kitufe kile mara ya pili kwa raha zangu ndipo nikabofya. Nikapata sabini na nne.

Yule msaidizi wa muhula wa kwanza alinikuta nje ya maabara matokeo yalipotoka. Alikuja kunipa pole.

"Ungeniita tu," alisema kwa ule upole wake. "Mara ile nilikuwa nakuangalizia. Unakumbuka ulisema B? Niliweka D, na nyingine chache pia. Nilijua umechoka."

Alilisema jambo hilo kama mtu anayekukumbusha kwamba aliwahi kukubebea mzigo. Nami nikawaza kwamba yule wa foleni ya kantini alisema kweli, na hilo liliniuma kuliko yote. Sabini na nne zangu nazijua zote. Nawajua wahalifu mle ndani kwa majina, kila swali nililokosa na sababu ya kulikosa. Zile tisini na moja sikujua tena ni ngapi zangu na ngapi za huruma yake.

"Hukuniuliza," nikamwambia.

"Nilitaka kukusaidia."

"Nilikwambia nina hakika."

Nikakunjua fimbo yangu, nikamwambia atangulie, twende wote ofisini kwa mhadhiri, akairudishe B yangu.